Kwa miguu kando ya Ziwa Kivu na laki sita mfukoni

Laki sita za Tanzania. Ndizo nilizokuwa nimetenga kwa safari ya nje ya nchi, nauli humo, malazi humo, chakula humo, na sikutaka ziishie kwenye viti vya basi na picha za dirishani. Nilitaka nitembee, nichoke, nilale nilikofikia. Kwa mtu wa Kasulu mwenye kiasi hicho jibu lilikuwa karibu: Rwanda, ukingo wa mashariki wa Ziwa Kivu, kwenye njia inayoitwa Congo Nile Trail. Inaanzia Rubavu kaskazini na kuishia Rusizi kusini, kilomita 227 za vilima, kahawa na maji. Nikaamua kuchukua nusu ya juu, Rubavu hadi Karongi, kwa miguu yangu, bila kampuni ya utalii.

Wengi wetu tukipanga safari ya gharama nafuu tunaanza kukata: chumba kibaya zaidi, mlo mmoja, basi la usiku. Mimi naanzia kwingine. Natafuta nchi ambako lugha yangu, hati yangu na miguu yangu vitafanya kazi ambayo mtu mwingine angeilipia. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haombi viza Rwanda. Kiswahili ni lugha rasmi huko tangu 2017. Na sisi wa Kasulu tuna zaidi ya hapo, kwa sababu Kiha cha nyumbani na Kinyarwanda ni ndugu wa karibu; nikizungumza polepole mkulima wa kule ananielewa, naye akizungumza polepole namwelewa. Kwa hiyo sikuhitaji mwongozaji, na mwongozaji ndiye angekula fedha nyingi kuliko malazi na chakula kwa pamoja.

Kuhusu hati niseme mapema: Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavuka mipaka yao kwa vitambulisho vya taifa tangu 2014, lakini Tanzania haimo kwenye mpango huo. Beba pasipoti. Na kadi ya njano ya chanjo iwe kwenye begi hata kama hakuna atakayeiuliza.

Kalenda ndiyo iliyonichukua muda. Julai niliichagua kwa ajili ya kiangazi, maana udongo wa vilima vile ukilowa haupandiki. Ndani ya Julai nikatafuta wiki za giza. Mtu aliyekulia mkoa wa Kigoma anajua kwamba mbalamwezi ikishajaa wavuvi wa dagaa wanapumzika, kwa sababu samaki hawafuati taa wakati ziwa zima lina mwanga. Na mimi nilitaka kuwaona wavuvi wa Kivu wakiwa kazini. Kisha nikaikwepa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asubuhi hiyo ni ya umuganda, kazi za pamoja za kijamii, maduka yanafungwa na magari karibu yote yanasimama hadi kazi iishe. Ukipanga kusafiri asubuhi ile, umejipotezea nusu siku.

Njia nayo ilitaka akili. Ukitazama ramani, kutoka Kasulu ungepitia Manyovu, ukate Burundi moja kwa moja hadi Rwanda. Lakini Burundi ilifunga mipaka yake ya ardhini na Rwanda Januari 2024. Ikabidi nizunguke: Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, Lusahunga, Benaco, Rusumo. Safari ndefu, na viungo vinauma, ila nauli inavumilika na njia ina mambo yake.

Benaco nilishuka kunywa chai. Leo ni njiapanda ya malori, mahindi ya kuchoma na vibanda vya chipsi. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 wakikimbia Rwanda, na hapa ndipo kambi yao ilipoinuka. Wazee wetu wa Ngara na Kigoma wanaikumbuka miaka ile bila kuulizwa. Niliona ni haki kuingia nchi ya watu nikiwa nimeshakanyaga mahali hapo kwanza.

Rusumo ni mpaka wa kituo kimoja: unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja, huku maporomoko ya Kagera yananguruma kando, penye mradi wa umeme wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi wanagawana. Ukishapita, mambo mawili yanabadilika hapo hapo. Magari yanahamia kulia. Na saa inarudi nyuma kwa saa nzima, jambo la kulikumbuka unaporudi, maana basi la Tanzania litakuondokea. Mifuko ya plastiki wameipiga marufuku tangu 2008, hivyo nguo zangu nilizifunga kwenye viroba vya kitambaa tangu nyumbani. Pale mpakani nikabadili fedha, faranga moja ikiwa kama shilingi zetu mbili, nikanunua laini ya simu, nikapanda gari la Kigali.

Kigali sikukaa. Nililala Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili kinasikika kila kona, na alfajiri nikawa stendi ya Nyabugogo kusaka gari la Rubavu.

Rubavu mjini, ambao wengi bado wanauita Gisenyi, unapakana na Goma kiasi kwamba ukisimama ufukweni huoni mji mmoja unaishia wapi. Juu ya yote umesimama Nyiragongo, mlima uliolipuka Mei 2021, uji wake wa moto ukafika pembezoni mwa Goma. Kuvuka sikuvuka, hali ya usalama ya upande wa pili haikuruhusu safari ya matembezi. Nikakagua begi mara ya mwisho: nguo chache, koti la mvua, dawa ya kutibu maji, ramani niliyoipakua kwenye simu, na kilo moja ya dagaa wa Kigoma waliokaangwa. Laki moja nikaiweka kwenye mfuko wa ndani, ya kutoguswa isipokuwa kwa ugonjwa au pikipiki ya dharura. Vijiji karibu vyote vya njia hiyo vina bodaboda, abiria anapewa kofia ngumu, na kwa anayetembea peke yake hiyo ndiyo bima.

Njia inatoka mjini kuelekea kusini, inapita kiwanda cha bia, halafu chemchemi za maji ya moto za Nyamyumba, ambako watu wamekaa kwenye mawe wametumbukiza miguu. Baada ya hapo ni vilima. Na hapa niseme jambo ambalo sikuliona limeandikwa popote kwa uzito unaostahili: kando ya Kivu usihesabu kilomita, hesabu ghuba. Ukingo wa ziwa umekatwakatwa. Kijiji unakiona mkabala, mtu akiita ng'ombe unamsikia, lakini ili ufike lazima uingie hadi ndani kabisa ya ghuba, uvuke kijito bondeni, upande tena, utokeze ng'ambo. Ndiyo saa mbili hizo. Tangu asubuhi ya kwanza nilianza kuhesabu ghuba kwenye ramani, na tangu hapo sikuwahi kufika giza likiwa limeingia.

Watu wa njiani wananyanyua mkono kabla hujawafikia. Kuna akina mama na majembe, vijana wanaosukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi, watoto wa shule wanaokufuata hadi mwisho wa kijiji chao kisha wanarudi. Swali lao ni moja kila mahali, unatoka wapi na kwa nini unatembea. Nikijibu kwa Kiha wanacheka kwa furaha na kuniuliza habari za nyumbani. Chakula cha mchana nilikula kwenye migahawa ya sokoni, sahani moja unayojaza mwenyewe: wali, ndizi, viazi, maharage, isombe ambayo ni kisamvu, na kipande kimoja cha nyama anachokuwekea mwenye mgahawa. Faranga elfu mbili hivi, na hushikwi na njaa hadi usiku.

Kinunu nilipumzika zaidi ya sehemu nyingine zote. Pale kuna kituo cha kuoshea kahawa kando ya maji, na nyumba ya wageni. Msimu ulikuwa unaelekea ukingoni, lakini vichanja vya waya vilikuwa bado vimejaa kahawa iliyoanikwa, na wanawake wamesimama pande zote mbili wakichambua. Nilimtazama mmoja kwa muda mrefu. Mkono wa kushoto unafagia punje kuelekea kwake, wa kulia unachomoa iliyovunjika au yenye tundu la mdudu, na wakati wote huo anaongea na mwenzake bila kutazama chini.

Jioni nililipa nafasi kwenye chombo cha wavuvi. Kwetu tumezoea mitumbwi miwili iliyounganishwa. Kivu inafungwa mitatu sambamba, na miti mirefu imetokeza mbele na nyuma kama pembe, ndiyo inayobeba wavu. Wanapiga makasia kwa wimbo. Mmoja anaanza, wengine wanaitikia, anayechoka anapiga mluzi badala ya kuimba, na mdundo haukatiki hadi kina kinapowatosha. Hapo wanawasha taa, wanashusha wavu, wanangoja. Wavu ulipopanda ulikuwa unametameta kwa sambaza.

Na sambaza ni dagaa wetu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa utawala wa Wabelgiji, vifaranga vya dagaa wa Ziwa Tanganyika vililetwa Kivu, ziwa ambalo halikuwa na samaki wa aina hiyo kwenye maji ya wazi. Aina moja ikashika, ikazaana, na leo vijiji vya pande zote mbili vinaishi kwa samaki hao. Tuliporudi nikafungua mfuko wangu, nikamwekea mzee wa chombo kiganja cha dagaa wa Kigoma karibu na sambaza waliokuwa wanakaangwa.

“Mzee wangu, hawa wa kwenu walitoka ziwani kwetu.”

Akatafuna wa kwetu taratibu. “Sisi tulizaliwa tukawakuta,” akasema kwa Kiswahili cha Goma. “Basi kuleni wote, mwanangu, ni ukoo mmoja.” Mfuko ule haukubaki na kitu.

Karongi nilifika mchana na kulala kwenye nyumba ya wageni ya kanisa, safi na kwa bei ninayoimudu. Mji umekaa kwenye rasi zenye misonobari. Ndani ya ziwa hili, kwenye kina kirefu, kuna gesi ya methani iliyoyeyuka majini, na karibu na hapo mtambo wa KivuWatt unaivuta tangu 2016 na kuzalisha megawati 26. Nilipanda hadi kanisa la mawe lililo juu ya maji, ambako maelfu walikimbilia mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, na wakauawa humo. Nilikaa kwenye ukumbusho pale nje mpaka alasiri. Anayepita njia hii asiiruke sehemu hiyo, na asiende na kamera mkononi.

Kutoka Karongi kuna mabasi ya Kigali kupitia Muhanga, barabara ya lami yenye kona nyingi. Laki ya dharura ilirudi nayo Kasulu bila kuguswa, na juu yake elfu arobaini na kitu. Hizo nimeziacha kwenye akaunti ile ile, na kila mwisho wa mwezi naziongezea kidogo. Nusu iliyobaki inapita Nyamasheke hadi Rusizi, vilima vya chai vikipakana na msitu wa Nyungwe, na ghuba zake nimeshaanza kuzihesabu.