Njomba na violini za kwenye simu

Juzi nilipanda Newala kumuona mjomba wangu, njomba kama tunavyoita huku kwetu, mzee aliyepiga ngoma za jando na sindimba tangu ujana mpaka mabega yakamgomea. Nikabeba spika yangu ndogo ya blututi maana kuna muziki umenikaa kichwani miezi sasa na nilitaka masikio yake, sio ya mtu mwingine.

Nikamwekea Mai Nozipo ya Dumisani Maraire wa Zimbabwe, ipo kwenye albamu ya Kronos Quartet ya 1992 ambayo yote ni kazi za watunzi wa Afrika, hata Mganda yumo, Justinian Tamusuza. Kronos ni watu wanne tu, violini mbili, viola na selo, ile kubwa inayokaa katikati ya magoti, na humo Maraire mwenyewe ndio anawapigia ngoma. Njomba kimyaa. Halafu vidole vikaanza kugonga magoti, mkono mmoja unaenda mbili mwingine tatu, ndo nikajua kaingia.

"Hao wanne nani anawaongoza?" Nikamwambia hakuna njomba, wanatazamana tu. Akafurahi kweli, akasema basi ni kama dimbila, yaani marimba yetu ya magogo, watu wawili wanakaa uso kwa uso na kila mmoja anapiga pale mwenzake alipoacha nafasi, ukiwa mbali utaapa ni mtu mmoja mwenye mikono minne.

Nikaweka Bartók. Huyu ni Mhungari, kuanzia 1906 hivi alikuwa anazunguka vijijini na mwenzake Kodály wamebeba fonografu, wanarekodi nyimbo za wakulima, na zile nyimbo zikaingia kwenye damu ya utunzi wake. Kwateti yake ya nne ya 1928, yaani muziki wa vyombo vinne vya nyuzi kama vya hao Kronos, ina sehemu nzima haina upinde, ule wa kusugulia nyuzi, wote wanadonoa nyuzi kwa vidole, na kuna mahali uzi unavutwa juu kwa nguvu unarudi kugonga ubao, pa! Njomba akainua kichwa. "Huyo naye anapiga ngoma."

Akauliza wanaziwamba vipi hizo violini, nikamuonyesha video wakikaza nyuzi kabla ya kuanza, akatikisa kichwa, akasema ni kama sisi tunavyopasha ngozi ya ngoma kwenye moto wa majani mpaka ilie.

Ila swali lake la mwisho limenikosesha usingizi. "Na anayecheza yuko wapi?" Nikasema hakuna, watu wamekaa kwenye viti wanasikiliza. Akanyamaza, halafu: "Sasa mpigaji anajuaje wapi pa kukata?" Maana kwenye sindimba mpigaji anakula na kiuno cha mchezaji, kiuno kikigeuka ngoma inageuka, haijaandikwa popote. Na mimi nadhani hapo ndo penye kazi, tukipata kijana wa Mtwara anayejua nota aandike kwateti ya sindimba, asianzie kwenye karatasi, aanzie uwanjani kama Bartók, kwenye MaKuYa, tamasha la ngoma za asili la Mtwara, pale kila kitu kinapita, Wamakonde, Wamakua, Wayao, akae na wazee kama huyu wangali hai. Na mchezaji awemo, asiachwe nje!

Tulipomaliza chai njomba akavuta ndoo ya plastiki akaifunika, akaniambia rudisha ile ya kwanza. Mara mbili alipishana nao. Ya tatu akapata nafasi yake, akatulia humo mpaka chaji ya spika ikaisha.