Sola ya nyumba ya shamba Mufindi: niliipangia Julai

Nyumba yetu ya shamba iko Mufindi, na laini ya umeme imeishia mbali na sisi, ng'ambo ya bonde. Tulipoamua kuhamia kule moja kwa moja nilimwita fundi. Akatazama bati, akazunguka nyumba mara moja, akasema, "Mzee, paneli mbili na betri mbili za N100. Taa zitawaka mwaka mzima."

Hakuwa ameniuliza ndani nitakuwa na nini. Nami nilikuwa na sababu ya kuogopa: kwenye nyumba tuliyokuwa tumepanga, betri ya maji ilikufa kabla ya kumaliza mwaka, maana kila usiku tuliinyonya mpaka taa zinafifia. Nikamwambia, "Fundi, nipe muda, nitakuita." Nikanunua daftari.

Upande mmoja wa daftari niliandika kila kitakachotumia umeme, wati zake na masaa yake. Balbu nane za wati 7, masaa matano: wati-saa 280. Taa mbili za nje za wati 10, usiku kucha: 240. Televisheni na king'amuzi, 325. Simu zetu na kompyuta, 150. Friji dogo la DC, yaani linalotumia umeme wa betri moja kwa moja, ambalo kwa baridi ya kwetu halihangaiki sana, nililiwekea 500. Jumla karibu 1,500 kwa siku. Mke wangu aliuliza kuhusu pasi. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja tu imekula theluthi mbili ya umeme wa nyumba nzima kwa siku, kwa hiyo tulikubaliana ile ya mkaa ibaki, na kupika ni kuni na gesi.

Upande wa pili wa daftari ndio uliobadilisha kila kitu. Anayeifahamu Mufindi anajua kwamba kuanzia Juni hadi Agosti ukungu unashuka kwenye mashamba ya chai na kukaa, manyunyu yakidondoka bila mvua yenyewe kunyesha. Julai ya mwaka ule nilikuwa shambani nikisimamia ujenzi, na kila siku niliandika jua limetoka saa ngapi. Siku nyingi lilitoka saa tano asubuhi, nyingine saa saba mchana. Siku tisa halikutoka kabisa. Mara moja zilifuatana tatu.

Oktoba kule jua ni kali na anga ni safi. Hata mpango wa fundi ungetosha kuwasha taa Oktoba. Lakini familia inakula na kusoma Julai pia. Kwa hiyo badala ya kuhesabu masaa matano au sita ya jua kamili kwa siku, Julai niliipa matatu. Nikachukua zile 1,500, nikaongeza robo ya kufidia umeme unaopotea njiani, kwenye nyaya, kontrola (kifaa kinachosimamia uchaji wa betri) na betri, ikawa karibu 1,900. Gawa kwa masaa matatu, unapata wati 630. Paneli mbili za wati 330 zinatimiza. Fundi alikuwa amesema mbili vilevile, ila zake zilikuwa za wati 100.

Betri ndiyo iliyoninyima usingizi. Nilitaka akiba ya siku mbili, yaani wati-saa 3,000. Betri za gel hazitakiwi kushushwa chini ya nusu kama unataka zidumu, kwa hiyo ningehitaji za 6,000, na kwa mfumo wa volti 24 hiyo ni betri sita za volti 12 zenye 100Ah (ampea-saa). Ya lithiamu inakubali kutumika asilimia 80 bila shida. Moja ya volti 24 na 150Ah ingetosha. Bei yake ya kununulia inauma kweli. Lakini nilipokadiria nitanunua gel mara ngapi kabla hii moja haijachoka, niliuza magunia ya mahindi niliyokuwa nimeyaweka kusubiri bei ya Januari, nikanunua lithiamu. Haikai kwenye banda la mbolea kama fundi alivyotaka, bali stoo ya ndani, kwa sababu lithiamu haitakiwi kuchajiwa kukiwa na baridi chini ya nyuzi sifuri, na kwetu kuna asubuhi ambazo nyasi zina sakitu.

Baridi hiyohiyo nusura iniunguzie kontrola. Paneli zangu kila moja inatoa volti 46 ikiwa haijabebeshwa kitu. Ukiziunga mfululizo unapata 92, na dukani waliniambia kontrola ya MPPT (aina inayovuna umeme mwingi zaidi wa paneli) isiyohimili zaidi ya volti 100 inatosha. Nyuma ya paneli, hata hivyo, imeandikwa kwamba volti hupanda kadiri paneli inavyopoa, karibu asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja chini ya 25. Nilipiga hesabu ya asubuhi ya nyuzi 5: volti 97 na ushee. Siku ya sakitu ingekuwa ukingoni kabisa. Nikaongeza hela, nikachukua ya volti 150. Ninaomba kila anayefunga sola nyanda za juu asome hicho kibandiko cha nyuma ya paneli kabla hajalipia kontrola.

Volti 24 niliichagua kwa ajili ya nyaya. Wati 600 kwenye volti 12 ni ampea 50. Kwenye 24 ni 25, na waya hauhitaji kuwa mnene vile. Inveta, inayogeuza umeme wa betri kuwa wa kawaida wa nyumbani, nayo nilinunua ndogo, na inazimwa tukienda kulala, kwa sababu hata isipoendesha chochote inakula. Wati 15 tu kwa siku nzima ni wati-saa 360, zaidi ya balbu zote nane. Ndiyo maana taa na friji ni za DC, hazipiti huko.

Fundi aliporudi tulibishana jambo moja tu. Alitaka paneli zikae upande wa bati unaotazama barabara, zionekane. Upande huo ni wa kusini. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na Juni na Julai jua linapita kaskazini yetu. Nilimpeleka nje saa sita mchana, nikamwonyesha kivuli chake kimelalia wapi. Akacheka, akapandisha ngazi upande wa pili. Alifunga vizuri sana: fyuzi karibu na betri, na waya wa radi uliochimbiwa chini mpaka udongo wenye unyevu, maana masika yetu yana radi.

Julai hii ukungu ulikaa siku tatu. Jioni ya kwanza skrini ya betri ilisoma asilimia 76, ya pili 53, ya tatu 30. Hata kwenye ukungu paneli zilikuwa zinaokota kidogo. Siku ya tatu tulizima televisheni mapema, watoto wakamaliza kazi za shule chini ya taa mbili, friji likaendelea kuunguruma. Siku ya nne jua lilitoka saa nne asubuhi, na mke wangu ndiye aliyenipigia simu huko shambani kuniambia namba zinapanda.