Senti Nyeupe

Niliipata kwenye chenji, mwaka wangu wa kwanza Marekani, nilipokuwa nikikaa kwa mjomba wangu. Nilikuwa nimemwaga sarafu zote za mfukoni kitandani, na katikati ya senti moja moja zenye rangi ya kahawia ikajitokeza moja nyeupe. Nyeupe ya fedha kabisa, uso wa Lincoln unang'aa kama kijiko kipya. Mwaka wake ulikuwa 1979.

Mjomba alikuwa mkusanyaji wa sarafu wa miaka mingi, na ugonjwa wake ulikuwa umeshaniambukiza. Kisa kilichoniharibu akili hasa ni kile cha senti za 1943. Mwaka huo shaba ilihitajika vitani, kwa hiyo senti zikatengenezwa kwa chuma cha pua kilichopakwa zinki. Lakini visahani vichache vya shaba, yaani vile vipande vya mviringo ambavyo bado havijapigwa picha, viliponyoka, vikagongwa muhuri wa 1943 pamoja na vya chuma, na hadi leo watu wanavisaka. Nikajiambia: kama shaba iliweza kujipenyeza kwenye zamu ya chuma, mbona kisahani cha sarafu ya senti kumi, ambayo ni nyeupe, kisijipenyeze kwenye zamu ya senti moja? Na ni kweli, hilo limewahi kutokea. Sikuwa naota tu.

Niliipima kwenye mizani ya jikoni, ile isiyojua vipande vya gramu. Ikasema 3. Nikaiweka tena, ikasema 3. Usiku huo nililala na sarafu chini ya mto, jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Kesho yake jioni nilimsubiri mlangoni.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Una nini wewe? Hata viatu sijavua."

Nikafungua kiganja. Aliitazama sarafu kwa muda mfupi mno, kwa maoni yangu, kisha akauliza, "Ilikuja na wenzake?"

"Wengine ni wa kawaida tu, Mjomba."

"Walete wote."

Tukakaa mezani chini ya taa. Akatoa mizani yake ndogo ya kidijitali, inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na sumaku, na lenzi aliyoining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu. Senti yangu ikasoma gramu 3.12. Sumaku haikuivuta. Akailaza juu ya senti nyingine, zikalingana ukingo kwa ukingo.

"Ingekuwa kisahani cha senti kumi," alisema, "ningeona kama gramu 2.27. Na kingekuwa kidogo, kisingejaza muhuri. Maandishi ya pembezoni yangekatika. Hii yako ina kila herufi. Uzito wa senti ya shaba ya miaka hiyo ni 3.11. Wewe umeleta senti iliyo na uzito wa senti na upana wa senti."

"Labda ni kisahani cha nchi nyingine," nikabisha. Nilikuwa nimesoma kwamba viwanda vya Marekani viliwahi kuzipigia nchi nyingine sarafu zao, na nilijivunia sana kulijua hilo. "Labda uzito umelingana kwa bahati."

Hakunicheka. Alinipa lenzi.

"Tazama shavu la Lincoln. Kuna mkwaruzo."

Ulikuwepo, mrefu, unashuka mpaka kwenye ndevu.

"Ndani ya mkwaruzo kuna rangi gani?"

"Nyeupe."

"Mkwaruzo huo sarafu iliupata wapi?"

"Njiani. Mifukoni mwa watu, kwenye droo..."

"Baada ya kutoka kiwandani?"

"Ndiyo."

"Na weupe umeingia mpaka ndani ya mkwaruzo, umeulainisha kingo. Sasa niambie, mpwa wangu, kipi kilitangulia?"

Nilibaki na lenzi jichoni kuliko ilivyohitajika, maana sikutaka aone uso wangu. Mkwaruzo ulitangulia. Sarafu ilitoka kiwandani ikiwa nyekundu kama ndugu zake, ikazunguka, ikagongwagongwa, ndipo mtu akaichovya. Nilipoizungusha nikaona na sehemu moja ya ukingo ambapo weupe umeanza kuchubuka na wekundu unachungulia kwa chini. Mapambo ya kuchovya tunayajua wote, yale yanayomkimbia mwenyewe baada ya miezi michache. Sikufikiri kwamba yangenifikia kwa njia ya senti.

Binamu yangu, binti wa mjomba, alikuwa akisoma sebuleni. Alikuja kuchukua maji, akaiona sarafu mezani, akasema, "Aa, hizi tulitengeneza darasani."

Mjomba akageuka polepole.

Akatueleza bila wasiwasi wowote. Mwalimu wa kemia aliwaambia walete senti za kabla ya 1982. Wakazichemsha kwenye mmumunyo mkali wa hidroksidi ya sodiamu wenye unga wa zinki, na baada ya dakika chache senti ikatoka nyeupe. Ukiishika nyeupe hiyo kwa koleo ukaipitisha kwenye moto kidogo, zinki inajichanganya na shaba ya chini yake, na mbele ya macho yako inageuka rangi ya dhahabu. Akakimbia chumbani akarudi na yake ya dhahabu. Nakiri ilikuwa nzuri. Kama ningeipata hiyo kwanza, sijui ningelala wapi.

"Kwa nini za kabla ya 1982?" mjomba akamuuliza, ingawa alijua.

"Kwa sababu za baadaye ndani ni zinki tupu. Ukizipeleka kwenye moto zinaweza kuyeyuka."

Ndivyo ilivyo. Katika mwaka huo wa 1982 waliacha shaba ya asilimia 95 wakahamia zinki iliyovikwa ngozi nyembamba ya shaba, na uzito ukashuka hadi gramu 2.5. Kwa hiyo hata senti halali ya baada ya hapo ni ya kuchovya, tofauti ni kwamba imechovywa kabla ya kugongwa muhuri. Mara chache kisahani kimoja kiliukwepa mchovyo, kikapigwa kikiwa zinki tupu. Hilo ni kosa la kweli la kiwandani, na lina rangi ya kijivu iliyofifia, si mng'ao wa kijiko. Mwaka wangu, 1979, usingeweza kutoa kitu kama hicho hata kwa muujiza. Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye sarafu yenyewe, na nililisoma kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

"Na hiyo nyeupe yako iko wapi?" nikamuuliza binamu.

"Nilitumia," akasema. "Darasa zima tulitumia. Ni hela."

Mjomba akacheka mpaka akavua miwani. Akatuambia habari za 1883, serikali ilipotoa sarafu mpya ya senti tano iliyokuwa na namba V tu nyuma yake, tano ya Kirumi, bila neno "senti". Wajanja wakaichovya dhahabu wakaipitisha kama sarafu ya dhahabu ya dola tano, hadi neno hilo likaongezwa mwaka huohuo. Binamu akataka kujua kama walifungwa. Nilikuwa sisikilizi vizuri, bado namwombolezea Lincoln wangu.

Muda wote huo vidole vya mjomba vilikuwa vikipangua zile za kawaida. Alisimama kwenye moja ya 1996, kahawia, chafu, yenye uvimbe pembezoni juu ya kichwa. Niliiona siku iliyotangulia, nikaipuuza kwa sababu maalumu. Wiki mbili nyuma nilikuwa nimemletea senti tatu zenye vivimbe, naye alichukua kijiti cha meno akavibonyeza, vikazama kimoja kimoja. Yalikuwa malengelenge, hewa iliyonaswa kati ya zinki na ngozi ya shaba. Senti za zinki zimejaa hayo. Tangu hapo nikiona uvimbe napita.

Sasa akachukua kijiti kilekile, akanipa mimi.

Nikabonyeza. Haukuzama. Nikabonyeza mpaka kijiti kikavunjika.

"Umeungana na ukingo," alisema, "na neno la kwanza la IN GOD WE TRUST limemezwa lote. Geuza."

Upande wa pili, chini kushoto, mahali panapoelekeana na uvimbe, neno ONE lilikuwa hafifu kama lililofutwa kwa kidole.

Hapo sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayesimulia habari za jamaa. Muhuri, alisema, ni chuma kigumu, lakini kikigonga mara laki kadhaa hupata ufa, na ufa wa ukingoni huweza kumega kipande kizima. Kipande kikidondoka, muhuri unabaki na pengo. Sarafu inayofuata, metali yake inakimbilia kwenye pengo kwa kuwa hakuna cha kuizuia, na huko inaganda kuwa uvimbe usio na picha. Na kwa kuwa metali imekimbilia upande huu, upande wa pili unabaki na njaa, haujazi herufi. Gari laweza kuikanyaga sarafu ikabonyea, nyundo yaweza kuipanua. Lakini hakuna kitu barabarani kinachoweza kuiotesha nundu ngumu upande mmoja na papo hapo kufifisha herufi za nyuma yake.

Akaipima: 2.49. Akaitia kwenye bahasha ndogo, akaandika mwaka kwa penseli, akaniachia niandike jina langu chini.

Ile nyeupe niliirudisha mfukoni. Siku chache baadaye niliitoa pamoja na nyingine nikilipia kitu. Kijana aliyezipokea aliigeuza mara mbili, akanitazama, kisha badala ya kuitia kwenye droo akaitumbukiza kwenye mfuko wa shati lake.