Maji Yanayoivisha Maharage

Saladi zangu zilianza kubadilika rangi Februari 2019. Nilizipanda ndani ya stoo, nyuma ya nyumba yetu ya Maji ya Chai, kandokando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi. Hapakuwa na udongo: mabomba manne ya PVC, tanki la lita 200, pampu ndogo ya kuzungusha maji na taa za LED. Miche 96. Hoteli moja ya mjini ilishakubali kuichukua, na ada ya mdogo wangu niliitegemea humo.

Majani ya katikati, yale machanga, yalikuwa yanatoka ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani kibichi, kama wavu uliotandazwa juu ya karatasi. Majani ya chini yalikuwa mazima kabisa. Hilo niliona kila siku na sikuliuliza kitu.

Niliongeza mbolea. Baada ya siku mbili nikaongeza tena. Kipimo cha chumvi, kinachoonyesha mbolea iliyoyeyuka majini, kilitoka 1.4 kikafika 2.6, na ncha za majani zikaanza kuungua na kujikunja. Nilikuwa na ugonjwa mmoja, nikawa nayo mawili. Usiku nilikuwa naamka kwenda kuwasha taa ya stoo na kuyatazama, kama mtu aliyelaza mtoto mwenye homa.

Mama ndiye aliyesema nimwite jirani yetu, bibi shamba mstaafu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Haya, nionyeshe wagonjwa."

Hakugusa majani kwanza. Alichomoa mche mmoja kwenye kikombe chake, akainua mizizi hadi puani, akanusa. Ilikuwa myeupe, imejaa vinyweleo. Mizizi inayooza, aliniambia, huwa ya kahawia, inateleza vidoleni na kunuka mtaro. Mmea wake hunyauka ingawa umesimama majini, kwa sababu mizizi imekosa hewa. Hiyo hatukuwa nayo. Akarudisha mche taratibu, akakata jani la njano na kulielekeza kwenye taa.

"Hili ni jani la umri gani?"

Nilikaa kimya. Akanifundisha pale pale tumesimama. Naitrojeni inatembea. Mmea ukiikosa huinyang'anya majani ya zamani na kuipeleka kwa machanga, kwa hiyo njano huanzia chini. Magnesiamu nayo huanzia chini, ila huacha mishipa kijani. Chuma hakitembei, kikishaingia kwenye jani kimekaa humo, na jani linalozaliwa baadaye halina pa kukopa. Njano ya juu yenye mishipa ya kijani, basi, inanong'ona chuma.

"Lakini chuma kimo," nilimwambia, nikampa paketi ya mbolea.

"Kuwemo ni kimoja, kufikiwa ni kingine. pH yako ngapi?" Alimaanisha kipimo cha tindikali ya maji: namba ikishuka, tindikali imezidi; ikipanda, imepungua.

"Sita. Naipima kila jioni na kuirekebisha."

"Na asubuhi?"

Asubuhi sikuwahi kupima. Tulipima saa hiyo hiyo, saa nne kasoro. Kipimo kilitulia kwenye 7.9.

Mama alikuwa amekaa mlangoni na ungo wake, anachambua maharage. Alisema bila kuinua kichwa: "Kwani si maji ya kisima hayo? Mimi tangu niolewe hapa sijawahi kutia magadi kwenye maharage. Yanaiva yenyewe."

Bibi shamba alimgeukia, akacheka kwa furaha. "Umesikia? Jibu lako lilikuwa jikoni."

Maji yetu yanapita kwenye miamba ya volkano ya Meru na kubeba magadi yake. Magadi hayo yanapambana na tindikali: jioni unaishusha pH, usiku inapanda tena. Na chuma cha kwenye mbolea yangu kilikuwa kimeshikwa na kibebeo ambacho huanza kukiachia pH ikipita 6.5 hivi, chuma kinaganda, mizizi inakosa. Floraidi tunayoisikia kila siku inasafiri kwenye maji ya namna hiyo hiyo. Haikuwa yenyewe iliyozigeuza saladi njano, lakini ninaijua vizuri. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya upande huu vinavuka hapo. Meno yangu ni ya kahawia tangu utotoni. Nilikuwa nimeishi na maji yale maisha yangu yote, nikayanywa, yakaniachia alama mdomoni, na bado mche ulipougua nikaituhumu mbolea.

Tulimwaga tanki lote. Tukajaza maji mapya na kuyatia tindikali ya fosforasi kidogo kidogo, glavu mkononi, kabla ya mbolea. Viputo vidogo vilipanda kama soda iliyofunguliwa: magadi yanageuka hewa na kutoka. Tukayaacha hadi asubuhi, tukapima, tukaongeza tena kidogo, ndipo ikaja mbolea, kwa kipimo cha 1.2 tu. Duka la pembejeo mjini nikapata chuma cha aina ya EDDHA, ambacho hustahimili pH ya juu. Kilifanya maji kuwa mekundu kama juisi ya rosela.

Siku ya sita jani jipya lilichomoza katikati ya mche wa pili kutoka mlangoni. Dogo, limekunjamana bado, kijani mwanzo hadi mwisho. Nilimwita mama aje alione. Yale ya njano hayakupona; miche 41 ilikwenda kwa ng'ombe, na hoteli ikachukua iliyobaki kwa kuchelewa.

Machi mvua zilipoanza nilifunga mfereji kwenye bati na kuelekeza maji kwenye tanki la pili, ili niyachanganye na ya kisima. Mama naye akayachota kupikia. Maharage yalikaa jikoni kuanzia saa sita, na saa kumi bado yalikuwa magumu. Akamtuma mdogo wangu dukani kununua magadi.