Siku moja maishani mwangu: daktari wa kikosi kwenye baridi ya Matamba

Saa 10:30 alfajiri

Baridi iliniamsha kabla ya filimbi. Nikapapasa dripu gizani, mifuko sita, mitatu kila ubavu, bado ina joto la mwili wangu. Mwezi wa saba huku juu Matamba, wilayani Makete, nalala nayo ndani ya begi la kulalia kama mama na mtoto mchanga. Kipimajoto kilichoning'inia kwenye mlingoti wa hema kilisoma nyuzi 3. Majeruhi aliyepoteza damu huwa anapoa, na damu iliyopoa haigandi vizuri, kwa hiyo anazidi kuvuja. Ukimwekea na maji ya nyuzi 3 mshipani, umemsukuma kulekule alikokuwa anaelekea. Askari wangu wa tiba wote wamekatazwa kuacha dripu kwenye sanduku la bati usiku.

Mimi ni kapteni, daktari wa kikosi. Jina la kikosi na la zoezi naviacha. Wanaotujua watatujua, na wengine hawana haja. Tulikuwa kwenye mazoezi ya medani, watu kama 600, tumepanda kutoka Chimala kwa ile barabara ya Hamsini na Saba, ambayo kila anayeifahamu anajua imeitwa hivyo kwa sababu ya kona zake. Wengi hudhani kazi ya daktari wa jeshi ni kushona vidonda. Kushona nashona, lakini siku nyingi nafanya kazi ya kupanga nani atampokea nani, wapi, na baada ya dakika ngapi.

Saa 12:00 asubuhi

Foleni ya wagonjwa ilikuwa na watu 19. Malengelenge ya buti mpya, kikohozi, jino moja, na kijana aliyeficha homa siku mbili kwa sababu hakutaka kuonekana mzembe. Hao niliwamaliza haraka. Walionishtua ni watatu waliokuja wameshika matumbo, wote wa platuni moja.

Mmoja akiharisha nampa chumvichumvi za kunywa na kumwangalia. Wakiwa watatu wanaolala bega kwa bega, naacha foleni kwa muuguzi, nachukua fimbo, naenda kuangalia wanakonywa.

Luteni wao, kijana mwenye adabu sana, alinipeleka mwenyewe. Vyoo vilikuwa sawa: mbali na jiko, mashimo yamefunikwa, ndoo ya kunawia ina sabuni. Boza la maji yaliyotiwa dawa nalo lilikuwepo, ila liliegeshwa chini kabisa ya mteremko kwa sababu dereva aliogopa tope. Kwenda na kurudi na madumu ni nusu saa. Karibu na mahema kuna kijito cheupe kama kioo, kinapita pembeni ya shamba la viazi. Nikafuata mkondo kwenda juu mita kama 80, nikakuta ng'ombe wanne wamesimama ndani ya maji.

"Afande, yanaonekana masafi kabisa," luteni akasema.

"Yanaonekana," nikamjibu, nikamwonyesha ng'ombe.

Sikumgombeza. Mtu aliyechoka hunywa maji yaliyo karibu, na hilo ni jukumu la aliyepanga boza likae wapi. Kabla ya saa 1:30 boza lilikuwa limevutwa hadi mlangoni pao, na kijito kimewekewa mlinzi.

Jambo hili naliongelea kwa uchungu kila ninapopata nafasi. Mwaka 1916, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, vikosi vya Waingereza vilivyoongozwa na Jenerali Northey vilipita nyanda hizi za juu kutoka Nyasaland hadi Iringa, huku mizigo ikibebwa vichwani na mabegani na wapagazi. Katika vita ile nzima ya Afrika Mashariki wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliowaua zaidi ni kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Risasi zilichukua wachache. Jina la Kariakoo limetokana na kile kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, na watu tunanunua vitenge pale bila kuwakumbuka. Babu zetu walikufa kwa sababu hakukuwa na mtu mwenye cheo ambaye kazi yake ilikuwa kuwaulizia maji.

Saa 2:15 asubuhi

Kikao cha amri, ndani ya hema la kamanda. Ramani mezani, chai ya tangawizi, na kila mwenye sehemu yake anapewa dakika chache. Kombania mbili zingeshambulia kilima mchana. Ilipofika zamu yangu nikaeleza kwa hesabu, kwa sababu kamanda wetu anasikia hesabu.

Kipimo tunachokitumia ni kile cha Umoja wa Mataifa, ambacho wenzetu waliokwenda Kongo na Afrika ya Kati wanakijua kwa moyo: kumi, moja, mbili. Ndani ya dakika 10 damu iwe imezuiwa na njia ya hewa iko wazi. Ndani ya saa 1 majeruhi awe mikononi mwa watu wanaoweza kumhudumia kwa dharura ipasavyo. Ndani ya saa 2 awe mbele ya mpasuaji. Ninapozitaja namba hizo huwa nakumbuka Semuliki, kule Kongo, Desemba 7, 2017, tulipopoteza wenzetu zaidi ya kumi kwa shambulio moja. Kwangu si namba za darasani.

Sasa tuweke barabara ya hapa. Kutoka kilimani hadi gari linapofika, machela inabebwa kwa miguu, dakika 40. Gari hadi Matamba, dakika 20. Kuteremka kona zote hadi Chimala, dakika 50 ukiwa mwangalifu. Kutoka Chimala hadi Mbeya mjini, nyuma ya malori ya Tunduma, saa moja na nusu. Jumla saa 3 na dakika 20. Kwa hiyo mpasuaji akikaa Mbeya tumeshashindwa kabla ya kuanza, na hema la upasuaji lazima lipande huku juu, Matamba.

"Na helikopta?" akauliza ofisa mmoja.

Juzi yake nilikaa na mzee mmoja mwenye shamba la pareto, mwenyeji wa hapo. Aliniambia: "Mwanangu, mwezi huu ukungu unashuka saa tisa, na asubuhi hauondoki mpaka saa tatu. Ukiona kunguru wanakaa chini, usisafiri." Nilimwambia ofisa kwamba helikopta ikija tutashukuru, lakini sitaiandika kwenye mpango kama nguzo.

Kamanda aligeukia jambo ambalo makamanda wote huligeukia. "Daktari, watu wanane kwa machela moja? Ukipata majeruhi watano umenimalizia zaidi ya platuni."

"Ndiyo, Mkuu. Wanne wanabeba, wanne wanapokea. Kwenye mteremko huu wanne peke yao watamwangusha."

Alinyamaza, akapiga kalamu mezani. Tukakubaliana: wabebaji wasitoke kwenye safu ya mapigano, watoke kwa wapishi, madereva na makarani, na wajulikane kwa majina kabla ya saa 5. Nilitoka hapo nimeridhika kuliko siku niliyopewa nyota.

Saa 4:30 asubuhi

Ramani haibebi machela. Nilimlaza koplo wa kilo 78 juu ya machela, nikashika saa, tukashuka. Mtu wa mbele kulia alikuwa mpishi, mikono yake bado inanuka vitunguu. Baada ya mita 200 vidole vyake vilianza kufunguka kimojakimoja, nikaona kwa macho yangu jinsi mshiko unavyokufa, akaita "Badili!" kwa wakati. Tuliteleza mara mbili penye majani yenye umande. Dakika 43. Nikarekebisha mpango, nikaweka alama ya kitambaa cheupe kila mahali pa kubadilishana.

Mwisho wa njia hiyo ndipo gari la wagonjwa lingetusubiri, kwenye uwazi mdogo ambapo Land Cruiser inaweza kugeuka bila kurudi nyuma. Hapo ndipo majeruhi hutoka mkono mmoja kwenda mwingine, na hapo ndipo wengi hupotea: karatasi inabaki na aliyembeba, dawa aliyopewa haijulikani, saa ya kufungwa mkanda wa kubana damu haikuandikwa. Nawafundisha vijana wangu maneno manne ya kukabidhiana, yasemwe kwa sauti hata kama mvua inanyesha: kimetokea nini, ameumia wapi, hali yake, amepewa nini.

Saa 8:20 mchana

Shambulio lilikuwa limeshaanza. Majeruhi wa kuigiza walikuwa wanaletwa, kila mmoja na kadi shingoni: nyekundu asiyeweza kusubiri, njano anayeweza kusubiri kidogo, kijani anayetembea. Vijana walikuwa wanachangamka, wengine wanalia kwa maigizo mazuri. Kisha redio ikasema neno tulilolipanga kwa jambo moja tu: "Halisi. Halisi. Halisi."

Kila kitu kilisimama. Askari mmoja, umri wa miaka 23, alikuwa ameteleza kwenye jabali, paja limevunjika. Paja likivunjika linaweza kuficha lita nzima ya damu na zaidi ndani ya nyama, hutaona hata tone chini. Askari wa tiba wa platuni alimfikia dakika ya nne. Nilipofika mimi alikuwa ameshafungwa magango, amefunikwa blanketi mbili, na koti la askari wa tiba mwenyewe liko juu yake, huku yeye amebaki na fulana kwenye upepo ule. Tukakata buti, nikagusa mguu chini ya kifundo. Mapigo yapo. Sindano ya maumivu, dripu ya vuguvugu kutoka kifuani mwangu, machela.

Wale wapishi na makarani walimbeba kama yai. Saa 9:10 tukawa kwenye uwazi wa kukabidhiana, na gari halipo.

Dakika 11 tulisubiri. Lori la chakula lilihitaji kugeuka, dereva wa ambulansi akaombwa asogee, akasogea nyuma ya kilima ambako redio yake haikusikika. Kosa ni langu. Niliandika gari likae wapi, sikuandika ni nani peke yake mwenye ruhusa ya kulisogeza. Kwa dakika 11 nilipiga magoti pale, nikishika mkono wa kijana, ukungu unashuka kama mzee alivyosema, naye ananiuliza kwa sauti ndogo, "Afande, mama ataambiwa?" Nikamwambia atamwambia mwenyewe, kwa simu, jioni.

Saa 9:45 tulimkabidhi hema la upasuaji Matamba. Saa moja na dakika 25 tangu aanguke. Mpasuaji alimpima, akaridhika kuwa hali imetulia, akaamua ashuke Mbeya siku hiyohiyo pamoja na muuguzi, kabla giza halijafika kwenye zile kona. Kama ingehitajika zaidi angepelekwa Lugalo, Dar es Salaam, hospitali kuu ya jeshi letu, ambayo jina lake limetoka hukuhuku kwetu, Lugalo ya Iringa, ambako Wahehe wa Mkwawa waliwavunja Wajerumani Agosti 17, 1891.

Saa 1:00 usiku

Kuhesabu vifaa, kuagiza blanketi zaidi, kuandika taarifa. Wale watatu wa tumbo walikuwa wamekula ugali, na hapakuwa na mgonjwa mpya kutoka platuni yao. Nilipeleka kwa kamanda ukurasa mmoja wenye zile dakika 11, bila kuzipunguza. Akasoma, akaandika chini kwa mkono wake kwamba kuanzia kesho gari la wagonjwa halisogezwi na mtu yeyote ila kwa amri ya daktari wa kikosi.

Saa 3:40 usiku

Muuguzi alipiga simu kutoka Mbeya. Wamefika. Kijana alizungumza na mama yake walipofika Uyole, mtandao uliporudi, na sasa anauliza buti lake la kushoto liko wapi, maana tulilikata kwa mkasi na yeye anadhani lilipotea.

Nililitafuta kwa tochi, nikalikuta chini ya machela, nikaliweka kando. Halafu nikachukua dripu mpya sita, tatu kila ubavu, nikafunga begi.