Siku Moja Maishani Mwangu: Gumba, Skeli na Metronomu

Saa kumi na moja alfajiri

Mtaa wa Tudor hapa Mombasa umetulia, na adhana imekwisha punde tu. Kwa heshima ya majirani sifungui piano saa hii. Nakaa mbele ya kifuniko chake na kupiga skeli ya C meja, yaani nota nane zinazopanda kwa mpangilio kuanzia C, juu ya mbao tupu: gumba, shahada, kati, kisha gumba tena, shahada, kati, pete na kidole cha mwisho. Kwa kuwa hakuna sauti tamu ya kulibembeleza sikio, linabaki likisikia mdundo peke yake, na hapo ndipo linaponidhihirikia kosa langu la siku nyingi: gumba hugonga kwa kishindo kuliko vidole vingine, na kidole cha pete hufika kimechelewa kidogo. Hicho cha pete nimeacha kukilaumu, maana kano zake zimeungana na za majirani zake na hakiwezi kuinuka kwa uhuru kama cha shahada. Gumba halina udhuru huo.

Saa moja asubuhi

Baada ya chai na mahamri nafungua kifuniko. Piano yangu ni ya kusimama, yenye vitufe 88, na hewa ya pwani haiihurumii, kwa kuwa unyevu huvimbisha mbao na chumvi hutia nyuzi kutu. Kwanza napitia vitufe kimoja kimoja nijue ni kipi kinachosita kuinuka, nisije nikakiadhibu kidole kisicho na kosa. Metronomu yangu, kifaa kinachogonga mapigo sawa kwa kasi ninayoichagua, ni ya kukazwa kwa ufunguo, ya namna ile ambayo Johann Maelzel aliisajili mwaka 1815. Nimeiwekea karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja, kwa sababu ikisimama juu ya meza iliyoinama, pigo moja huwa refu na la pili fupi, nami ningekuwa najifunza kuchechemea.

Naanza na B meja. Wengi hudhani kwamba C meja ndiyo nyepesi kwa kuwa haina nota nyeusi. Ni nyepesi kuisoma, lakini mkononi ndiyo ngumu, na Chopin, mtunzi na mpiga piano, aliwaanzisha wanafunzi wake kwa B kwa sababu hiyo. Katika B vidole virefu hukaa juu ya vitufe 5 vyeusi, na gumba huachiwa viwili tu vyeupe, B na E, ambavyo huvifikia bila kujikunja. Chopin huyo huyo, katika rasimu ya kitabu cha mafunzo ambacho hakukikamilisha, alishikilia kwamba vidole vimeumbwa na nguvu zinazotofautiana, na kwamba kuvilazimisha vilingane ni kupingana na maumbile. Nakubaliana naye kabisa. Usawa ninaoutafuta ni wa sauti inayosikika, si wa misuli.

Kwa wiki mbili nilikuwa nimekwama. Nilipandisha metronomu hatua kwa hatua, mapigo 60 kwa dakika, 63, 66 na kuendelea, nikipiga nota nne kwa kila pigo, na kila nilipofika 100 skeli ilivurugika. Nilidhani kwamba vidole vyangu vimekosa nguvu, nikaongeza mazoezi yale yale. Sababu ilikuwa nyingine. Katika mwendo wa polepole gumba hupata nafasi ya kusubiri, kisha kujipenyeza chini ya kiganja dakika ya mwisho, na mimi nilikuwa nimelizoesha kuchelewa kila siku, tena kwa bidii. Kwenye 100 zinapita nota karibu 7 kwa sekunde, na nafasi ile ya kusubiri haipo tena. Gumba lazima lianze safari mara linapoachia kitufe chake, na kigasha kiubebe mkono mzima kwenda kulia bila kifundo kupinda. Katika oktava 4, kila moja ikiwa safari ya kutoka B hadi B inayofuata, zenye jumla ya nota 29, gumba la kulia huvuka mara 7 wakati wa kupanda, kwa hiyo kasoro hiyo moja husikika mara 7.

Kwa hiyo sasa napiga vipande vifupi kwa kasi ile ile ninayoitaka: nota tatu na gumba, kisha nasimama juu ya gumba, nalegeza bega na kupumua, halafu nota nne na gumba, nasimama tena. Vikitulia naviunga viwili viwili. Baada ya hapo napiga skeli nzima kwa mdundo wa ndefu na fupi, kisha fupi na ndefu, ili kila jozi ya vidole ipate hatua moja ya haraka na pumziko baada yake. Saa moja na nusu hupita bila mimi kujua.

Saa nne hadi saa saba

Nafundisha muziki shuleni, madarasa matatu ya nadharia, kisha napanda matatu kuvuka daraja la Nyali.

Saa tisa alasiri

Mwanafunzi wangu wa gredi ya sita ananisubiri mlangoni. “Shikamoo, Mwalimu.” “Marahaba, mwanangu.” Anajifunza sonata ya Mozart ya C meja, K. 545 (namba yake katika orodha ya kazi za Mozart), ya mwaka 1788, ambayo kuanzia baa ya 5 mkono wa kulia hupanda na kushuka skeli moja baada ya nyingine, kila baa ikianza nota moja chini ya iliyotangulia. Anapiga, kisha ananiuliza kwa unyonge, “Mwalimu, mbona metronomu inanikubali lakini wewe hunikubali?”

Swali hilo nalipenda. Namwambia, “Metronomu hukutana nawe kwenye nota moja tu katika nne, mwanangu. Hizo tatu za katikati unazikimbiza, kisha unasubiri mlangoni.” Namrekodi kwa simu na kuirudisha rekodi kwa nusu ya kasi, naye anajisikia mwenyewe akikurupuka mara gumba linapopita. Tunahamisha mkazo: kwanza kwenye nota ya pili ya kila kundi la nne, kisha ya tatu, kisha ya nne, hadi mkazo usiwe mali ya gumba. Mwisho namwomba aupige mstari wote bila mkazo, sauti ikikua taratibu hadi juu, na uso wake unabadilika kabla yangu.

Saa moja usiku

Nyumbani, kabla ya chakula, najirekodi B meja kwa 104, oktava 4, na kuisikiliza kwa nusu ya kasi kama nilivyomfanyia mtoto. Kupanda ni safi. Kushuka bado, kwa kuwa huko gumba halipiti chini, bali kidole cha tatu (cha kati) na cha nne (cha pete) ndivyo vinavyolivuka kwa juu, na hicho cha nne kinaangukia nota nyeusi kwa uzito wa mkono mzima. Naandika kwenye daftari: kesho, kushuka tu, vipande vya nota nne, kigasha kitangulie.