Redio ya gari kwenye meza ya sebuleni

Redio ya gari haihitaji kufunguliwa ili ipige muziki nyumbani. Inachotaka ni umeme kama wa betri ya gari: DC (umeme usiobadili mwelekeo) wa volti 12 hadi 14.4, wenye nguvu ya kutosha pale besi inapodunda. Makosa mengi hutokea sehemu mbili tu, kwenye pawasaplai (kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa DC) na kwenye nyaya hasi za spika.

Kwanza redio yenyewe. Chukua ile inayouzwa peke yake, si iliyong'olewa kwenye dashibodi. Redio nyingi zinazokuja na gari huomba namba ya siri zikishakatiwa umeme, na za magari ya karibuni husubiri ujumbe wa kompyuta ya gari ndipo ziwake. Unaweza kuzipa umeme sahihi kabisa na zikabaki kimya.

Kuhusu pawasaplai, usihesabu kwa maandishi ya boksi. "Wati 50 mara 4" ni kilele cha kitambo kifupi. Kwa volti 14.4 na spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani), chaneli moja, yaani njia ya spika moja, hutoa kama wati 20 kabla sauti haijaanza kupasuka, kwa sababu volti zenyewe haziruhusu zaidi. Tukikadiria wati 18 kwa kila moja, chaneli nne ni wati 72. Amplifaya ya ndani hupoteza sehemu kubwa ya umeme kama joto, kwa hiyo itavuta karibu wati 120, yaani kama ampea 9. Muziki wa kawaida huvuta wastani wa ampea 2 au 3, lakini midundo ndiyo inayoamua. Pawasaplai ya ampea 10 inatosha. Adapta ya ampea 2 itawasha taa na kupiga kwa sauti ya chini, kisha mdundo wa kwanza mzito utashusha volti na redio itazima na kujiwasha upya. Redio inayozima kila ukiongeza sauti, usiitupe. Pima volti zake kwanza wakati inapiga.

Iliyo rahisi kupatikana ni ile yenye kasha la chuma lenye matundu, inayotumika kuwashia taa za LED. Pembeni ina skrubu ndogo ya kurekebisha volti. Tenganisha redio, weka multimeta kwenye skrubu za kutolea umeme wa DC, zungusha taratibu hadi isome 13.8. Kutoka 12 hadi 13.8 unapata takriban theluthi moja zaidi ya nguvu, kwa sababu nguvu hupanda kwa mraba wa volti. Sehemu ya kuingizia umeme wa ukutani iko wazi kwenye pawasaplai hizi, na umeme huo unaua: ifunike, na unganisha waya wa ethi.

Pawasaplai ya kompyuta ya mezani nayo inafaa. Unganisha waya wa kijani na mweusi wowote ili iwake, kisha chukua volti 12 kwenye nyaya za njano. Za zamani huyumba kama upande wa volti 5 hauna mzigo; weka resista ya omu 10 yenye uwezo wa wati 10 kati ya mwekundu na mweusi, mahali isipoweza kuunguza kitu. Hapa kuna mtego: kwenye kompyuta mwekundu ni volti 5, lakini kwenye redio mwekundu unataka volti 12. Ukifuata rangi tu, redio haitawaka.

Redio nyingi zinazouzwa peke yake zina rangi hizi: njano ni umeme wa kudumu unaotunza kumbukumbu na kulisha amplifaya, nyekundu ni ya kuiwasha, ambayo kwenye gari hutoka kwenye swichi ya ufunguo, nyeusi ni graundi (upande hasi wa umeme). Bluu ni ya antena ya umeme, na bluu yenye mstari mweupe ni ya kuamsha amplifaya ya nje; usipozitumia zifunge kila moja peke yake kwa tepu, maana hutoa volti 12. Ya machungwa ni ya kufifisha taa usiku. Hata hivyo soma karatasi iliyobandikwa juu ya redio kwanza.

Wengi huunganisha njano na nyekundu pamoja. Redio itawaka, lakini ukizima ukutani inaweza kusahau stesheni, saa na mpangilio wa sauti. Bora acha njano ikiwa na umeme muda wote, na weka swichi kwenye waya mwekundu peke yake. Waya huo hubeba mkondo mdogo sana, hivyo swichi ndogo inatosha. Kwa njano na nyeusi tumia waya wa milimita mraba 2.5, na fyuzi ya ampea 10 karibu na pawasaplai. Fyuzi ya nyuma ya redio ikiungua, tafuta sababu. Usiweke kubwa zaidi.

Sasa nyaya za spika, ambako chipu nyingi za amplifaya ya ndani hufia. Nyeupe ni mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na yenye mstari mweusi ndiyo hasi ya kila moja. Hasi hii si graundi. Redio husukuma nyaya zote mbili kwa zamu kinyume, ndiyo maana hupata wati 20 kutoka volti chache. Pima waya wowote wa spika dhidi ya mweusi redio ikiwa imewaka: utakuta karibu nusu ya volti za pawasaplai, 6 hadi 7. Kwa hiyo usiunganishe hasi mbili pamoja, wala hasi na kasha la chuma. Ukitaka amplifaya kubwa zaidi, tumia matundu ya RCA ya nyuma, yale ya mviringo yanayotoa sauti isiyokuzwa.

Spika za nyumbani za omu 8 hazina shida, ila nguvu hushuka kama nusu. Mbili za omu 8 sambamba ni omu 4, sawa. Mbili za omu 4 sambamba ni omu 2, nazo zitapasha chipu moto hadi ijikate.

Spika ya gari bila boksi haina besi, kwa sababu hewa ya nyuma hufuta ya mbele. Kwa inchi 6.5, boksi lililozibwa la lita 10 hadi 15 linafaa. Vipimo vya ndani vya sentimita 20 kwa 30 kwa 22 vinakupa lita 13.2. Tumia MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) ya milimita 18 na uzibe kila ufa. Kabla ya kufunga, gusisha betri ya volti 1.5 kwenye spika, chanya kwa chanya: koni lazima itoke nje. Moja ikigeuzwa, besi hupotea ukikaa katikati.

Ukisikia mvumo simu ikichaji huku imechomekwa kwenye AUX (tundu la kuingizia sauti), ni mzunguko wa graundi: chaja na redio zimeungana graundi kwa njia mbili. Tumia Bluetooth, au kitenganishi chenye transfoma ndogo. FM ikikwaruza, antena ya waya wa sentimita 75, robo ya wimbi la megahezi 100, inatosha. Iunganishe kwenye pini ya katikati tu na uivute mbali na pawasaplai. AM huumia zaidi na mara nyingine haitakaa sawa.

Tundu la redio ya DIN moja, ile nyembamba ya kipimo cha kawaida, ni milimita 182 kwa 53. Kwenye sanduku acha sentimita 5 nyuma ya hitisinki (chuma cha kupozea mgongoni mwa redio) na matundu juu na chini. Ukipiga kwa sauti kubwa saa nyingi, feni ya milimita 80 ikizunguka polepole hutosha.